Mwanangu anakojoa kitandani, mshauri akauliza "huyo anayekuja usiku anaitwa nani": je, hii ni tiba au nimepigwa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mi ni mama wa watoto wawili, niko Dodoma. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, yuko la tatu, bado anakojoa kitandani siku 4 au 5 kwa wiki na hajawahi kukauka hata mwezi mzima. Hospitali wamepima mkojo na sukari wakasema hana ugonjwa. Nimemnyima maji jioni, nimemuanikia godoro nje watu waone ili aone aibu, nimemchapa pia, najuta ila nimemchapa. Baba yake anataka Januari aende bodingi. Shoga yangu akanielekeza kwa mshauri nasaha, nimelipa elfu 40, badala ya kutafuta chanzo akaanza kumuuliza mtoto eti huyo anayekuja usiku anaitwaje, mtoto akasema Kiboko, basi wakaongea habari za Kiboko kama mtu yupo kweli. Mara usiku ambao Kiboko alishindwa ulikuwaje, mara toeni namba kuanzia 0 mpaka 10. Mama mkwe anasema nimeibiwa na tena namfundisha mtoto kusingizia majini. Naomba ukweli.

JIBU: Marahaba mama. Pole kwa mashuka ya kila asubuhi, na pole zaidi kwa hilo neno "najuta", maana nimeona umeliandika katikati ya sentensi kama mtu anayepita haraka asionekane.

Hujapigwa. Ulichokutana nacho ni tiba, ina zaidi ya miaka 40 na watu wanaisomea, ila naelewa kabisa kwanini kwa mzazi aliyekaa pale na elfu 40 yake imeonekana mchezo. Nitakueleza inavyofanya kazi ili ukirudi kikao cha pili ujue unachokiangalia, manake usipoelewa utakaa pale umekunja mikono na mtoto ataona.

Kwanza mambo ya mwili niyamalize, maana mshauri yeyote anayeanza na maneno kabla mwili haujaangaliwa huyo ndo wa kumkimbia, na wewe umeshapima, safi. Mtoto chini ya miaka 5 akikojoa kitandani hatuiti tatizo kabisa. Wakifika miaka 7 bado watoto kama 5 mpaka 10 katika kila 100 wanakojoa, na kila mwaka unaopita kama 15 kati ya 100 wanaokojoa wanaacha wenyewe bila dawa. Sababu kubwa ni tatu na mara nyingi zinachanganyika: usingizi mzito kiasi kwamba kibofu kinagonga mlango na ubongo hausikii, homoni inayopunguza mkojo usiku haijaanza kutosha, na kibofu chenyewe kubeba kidogo. Hakuna hata moja ambayo mtoto anaifanya kwa makusudi, analala fofofo, unamchapa mtu kwa kitu alichofanya akiwa hayupo. Angalia pia choo chake, kama anapata choo kigumu mwambie daktari, maana utumbo uliojaa unakibana kibofu na hicho kitu kinasahaulika sana. Maji usimnyime, mwache anywe ya kutosha mchana, upunguze tu saa moja au mbili kabla ya kulala, na chai na soda za kola za usiku uache. Akianza kuwa na kiu kali, kukonda, kuungua akikojoa, kukojoa nguo mchana, au akikauka miezi halafu ghafla aanze tena, rudi hospitali, na hilo la mwisho umuulize pia taratibu kama kuna mtu anamtisha au anamgusa vibaya. Zipo pia kengele za kitandani zinazolia tone la kwanza likitoka, na ipo dawa inaitwa desmopressini, hizo muulize daktari wa watoto, hasa kengele maana ndo yenye ushahidi mzuri kwenye kumkausha mtoto kwa muda mrefu.

Halafu kuna jambo moja la kurithi. Mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, uwezekano wa mtoto kukojoa ni kama 4 katika 10, wote wawili wakiwa walikojoa unafika kama 7 katika 10. Sasa muulize baba yake. Akikwambia hakumbuki, muulize mama mkwe, yeye ndo alikuwa anafua. Jibu lake liweke kwanza, tutalihitaji.

Sasa kile kikao. Angalia hili neno letu "kikojozi". Mkojo ni kitu kinachomtokea mtoto usiku, labda dakika moja, akiwa hana habari. Lakini kikojozi ni yeye mwenyewe, ni kikojozi mchana, ni kikojozi darasani, ni kikojozi akiwa anacheza mpira na akiwa anaswali. Watoto wenzake wanamuimbia. Ukianika godoro mtaani unatangaza jina. Na mtoto wa miaka 9 akishalichukua hilo jina akalivaa anaanza kuishi kama jina linavyotaka, haendi kulala kwa binamu zake, anaficha shuka chini ya kitanda, anadanganya kuwa kamwaga maji, na wewe unamuona muongo, basi jina la pili hilo limeongezeka. Tatizo limeacha kuwa mkojo, limekuwa mtoto.

Huko Adelaide, Australia, kulikuwa na mtaalamu anaitwa Michael White, alianza kama mfanyakazi wa ustawi wa jamii, alifariki 2008. Yeye na mwenzake David Epston wa New Zealand ndo waanzilishi wa hii tunayoiita tiba simulizi, na kitabu chao kikubwa walikitoa 1990. Moja ya kazi zilizomfanya White ajulikane ni ya mtoto wa miaka 6 aliyekuwa anajichafua na choo kikubwa karibu kila siku, mambo mazito kuliko ya kwako, anapaka ukutani, anaficha kwenye makabati. Mama amefika mahali anajiuliza kama anafaa kuwa mama, baba hataki kualika mtu nyumbani. White hakuuliza "kwanini unafanya hivyo", akakipa kile choo jina la mnyemeleaji, jambazi mdogo anayewachezea familia nzima, akauliza maswali ya aina mbili. La kwanza: huyu jambazi amekuharibia nini wewe mtoto, na mama je, na baba je? La pili, na hapa ndo penye tiba: ni lini alikualika ukamkatalia? Mama akakumbuka siku moja uchafu ulipotaka kumuangusha kwenye unyonge wa kawaida yeye akaenda kuwasha muziki. Jambo dogo kabisa, ila hakuwahi kulihesabu. Mtoto naye akakumbuka nyakati ambazo angeweza kupaka na hakupaka. Kutoka hapo familia ikaanza kusimama upande mmoja na lile tatizo upande wa pili, badala ya wazazi upande mmoja na mtoto kwenye kona. Ule msemo wake kwa Kiswahili ungekuwa hivi: mtu sio tatizo, tatizo ndo tatizo. Na 1998 ilichapishwa tathmini ya watoto waliokuwa wanajichafua, waliotibiwa kwa njia hii ya kutenganisha mtoto na tatizo walifanya vizuri kuliko waliotibiwa kwa njia nyingine, kwahiyo sio hadithi ya mtoto mmoja tu.

Mi huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba sisi Waswahili hatukupaswa kushangaa haya mambo maana lugha yetu imeyabeba siku zote. Tunasema nimeshikwa na hasira, usingizi umenichukua, hofu imeniingia, homa imenipata, deni limenikaba. Angalia nani mtendaji hapo! Hasira ndo inashika, mimi nimeshikwa, na aliyeshikwa anaweza kuachiwa au akajinasua. Halafu tunaharibu wenyewe kwa majina mengine, mlevi, mvivu, mkorofi, kikojozi, yanamchukua mtu mzima na kila alichonacho. Mshauri wako alichofanya ni kumtoa mwanao kwenye hilo neno la pili akamrudisha kwenye Kiswahili cha kwanza.

Kuhusu majini, mama mkwe ana hoja na usimdharau, anaogopa mtoto atajifunza kusema "sio mimi, ni Kiboko" alafu akakaa. Ni hatari ya kweli kwa mshauri asiyejua kazi. Ila tofauti iko hapa: jini linatolewa na mtu mwingine, unalipa mganga, wewe unakaa tu na kutolewa. Hapa hakuna mtu mwingine mwenye dawa, mtaalamu wa Kiboko ni mtoto mwenyewe, ndo anaulizwa anakujaje, anapenda nini, anaogopa nini, na ndo anapewa kazi. Kazi zenyewe ni za kweli: kukojoa kabla ya kupanda kitandani, kutoa shuka mwenyewe asubuhi na kuziweka kwenye beseni, kukupa taarifa bila kuficha. Na hizo sio adhabu, ni zamu yake kwenye timu, sauti yako asubuhi ndo itamuonyesha ni ipi kati ya hizo mbili. Mtoto anayeambiwa yeye ndo uchafu hana pa kusimama akapigana, atapigana na nani, na yeye mwenyewe?

Wazo lililo chini ya haya yote linaitwa konstraktivizimu, jina refu kwa jambo unalolijua, kwamba hatuishi ndani ya matukio yenyewe matupu, tunaishi ndani ya maana tulizoyapa, na maana tumezijenga sisi kwahiyo zinaweza kujengwa upya. George Kelly, mwanasaikolojia Mmarekani, alilifikia hilo akiwa Kansas miaka ya 1930 kwenye hali ngumu ya uchumi, akizunguka mashuleni kusaidia watoto na walimu. Alianza kwa kuwapa watu maelezo ya wakati ule ya Freud, yule daktari wa Vienna aliyesema shida zetu zinatokana na yaliyofichika akilini, wakapata nafuu, akajaribu kwa makusudi kuwapa maelezo mengine aliyoyatunga mwenyewe, nao wengi wakapata nafuu, mradi maelezo yaendane na hali yao na yawape namna nyingine ya kuiendea kesho. Akakaa na hilo swali mpaka 1955 alipotoa nadharia yake kwenye vitabu viwili. Hakusema ukweli haupo. Mkojo upo mama, godoro limelowa, hakuna maana itakayolikausha. Kinachobadilika ni mtoto anayeamka juu ya hilo godoro anajiona nani.

Sasa kwanini hakutafuta chanzo, na zile namba. Hapo mshauri wako alivuka kwenye tiba nyingine ya ukoo huo huo, tiba ya kulenga suluhisho, ilianzia Milwaukee, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 70 kwa mtu na mkewe, Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, huyu mama alizaliwa Korea. Walikuwa wanakaa na timu yao nyuma ya kioo kinachoonyesha upande mmoja tu wanaangalia mazungumzo mamia kwa mamia wakitafuta ni swali gani lililomsogeza mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 80 ikaja familia ikaorodhesha matatizo 27, timu haikujua ianzie wapi, ikawaambia tu nendeni, mpaka tukutane tena angalieni mambo gani kwenye maisha yenu mngependa yaendelee. Wakarudi na orodha ya mazuri na hali yao imeshaanza kubadilika. Lile swali la "ukilala na muujiza ukatokea usiku, asubuhi utajuaje?" nalo halikutungwa darasani, mama mmoja aliyelemewa alimjibu Berg kwamba hapo labda muujiza tu, Berg badala ya kumbembeleza akasema haya, tuseme umetokea, kitu gani cha kwanza utakachokiona kimebadilika? Mapitio ya 2013 yaliyokusanya tafiti 43 za tiba hii yalikuta 32 zina matokeo mazuri ya wazi. Nadhani zinahitajika tafiti nyingi zaidi za huku kwetu, ila sio kitu cha kubahatisha.

Nipige hesabu ya barua yako. Umesema anakojoa siku 4 au 5 kwa wiki. Maana yake kuna usiku 2 au 3 kila wiki anaamka mkavu. Chukua 2 tu, kwa mwaka ni usiku 104. Mama, usiku 104 na hukuuandika hata mmoja, na sikulaumu, hakuna anayeuandika, tatizo likishakuwa jina la mtoto zile siku nyingine zinapita kama hazikuwepo. Mshauri alikuwa anauliza habari za hizo 104. Alilala saa ngapi, alikula nini, alikuwa amechoka na mpira au hapana, nani alimuamsha, alilala na nani, siku hiyo nyumbani kulikuwa na ugomvi au amani. Wakati mwingine unaokota kitu cha maana hapo, kwa mfano usiku mkavu wote ni wa siku alizokunywa maji mengi shuleni mchana na sio yote jioni.

Ila naomba sana hapa uwe makini maana hata washauri wengine wanateleza. Usiku mkavu usije ukawa fimbo mpya. "Si unaona unaweza! Mbona jana hukukojoa?" hapo umeharibu yote, maana hakukauka kwa kutaka kama ambavyo hakulowesha kwa kutaka. Ushindi juu ya Kiboko usiupime kwa shuka peke yake. Siku aliyolowesha lakini akaja kukwambia bila kuficha, Kiboko ameshindwa. Siku aliyoitwa jina shuleni akaendelea kucheza, Kiboko ameshindwa. Siku wewe uliyoamka umechoka, ukaona shuka, mkono ukataka kupanda, ukatoka nje ukapumua ukarudi, hiyo ni ya kwako na ina uzito sawa na ya kwake. Ndo maana zile namba ni nzuri, mshauri akiuliza "0 ni Kiboko anaendesha nyumba nzima, 10 ni nyie mnaendesha, leo mko wapi", mtoto akisema 3 msikimbilie kusema mbona ndogo. Muulizeni kwanini 3 na sio 0. Kaeni hapo, atataja vitu hujawahi kuvisikia kwake. Halafu 4 itaonekanaje, 4 tu, 10 iacheni.

Na jina lenyewe. Nimelisoma mara mbili. Kuna kiboko yule mnyama wa mtoni, anayetoka usiku wakati watu wamelala, na inawezekana kabisa mwanao alimuwaza huyo, jina zuri. Na kuna kiboko kile kingine ambacho umeniandikia wewe mwenyewe kwamba umekitumia. Sijui ni kipi na wewe hujui, anajua yeye. Usimhoji nyumbani. Mwombe mshauri amuulize kikao kijacho, akuelezee Kiboko wake anafananaje, na kama ni kile cha pili basi kaa usikilize mpaka mwisho bila kujitetea, halafu mwombe mwanao msamaha mbele ya mshauri, kwa maneno machache. Jina ni la mtoto, anaweza kulibadilisha siku yoyote. Kuchapa kuishe leo, hofu haimfundishi mtu aliyelala.

Bodingi Januari, mimi ningesema isogezwe, bwenini watoto 40 na patroni mmoja hiyo ni njia ya kumrudishia lile jina mara 40. Kama baba hakubali basi muone daktari mapema kuhusu hiyo dawa, mpeleke na mpira wa kutandika godoro na shuka za ziada, na azungumze na patroni yeye mwenyewe akiwa na wewe, afike kama mtoto anayesimamia jambo lake na sio kama mtoto aliyefumwa.

Kwa mshauri rudi vikao kama vitatu hivi, tiba hizi kwa kawaida hazivuti miaka. Kama mpaka hapo mtoto hajaanza hata kuinua uso mkiongea habari hii, muulize mshauri waziwazi tubadilishe nini. Akianza kukataa chakula, kujitenga kabisa, au kusema maneno kama afadhali asingekuwepo, hayo sio ya kusubiri kikao, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa lile jibu la mama mkwe. Ikiwa ni kweli mumeo naye alikojoa, usiende kumshinda nalo bibi wa watu. White alikuwa na desturi ya kuleta watu wa kusikiliza, watu ambao mtoto anawajali, waishike hadithi mpya isianguke, na watoto walioshinda alikuwa anawapa hadi vyeti. Hapo kwenu msikilizaji mkuu ni bibi. Siku mmekaa jioni mnachambua mchele, mjukuu yupo karibu anajifanya hasikii, muulize tu kwa heshima: mama, hivi baba yake alikauka akiwa na miaka mingapi, na ulimfanyaje? Muache asimulie. Usimsaidie kumalizia.